Sanamu ya Kimathi na jamaa wa kutembeza watu town: nampa 4 kwa 5

Kama uko na mgeni na pesa imekaa vibaya, mpeleke Kimathi Street, Nairobi, hakuna geti wala tiketi. Sisi tulichukua jamaa wa kutembeza watu town, soo tano (shilingi 500) kila mtu, na kusema ukweli hio pesa ilirudi yote pale kwa Field Marshal Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau, wapiganaji wa msituni dhidi ya mkoloni Mwingereza.

Wengi wetu hio sanamu ni ya kupatana tu, "niko hapa kwa Kimathi", uko kwa simu, mtu akifika mnaenda zenu. Ukisimama uiangalie ndio unaona kazi. Bronzi, rasta zake, nguo za kijeshi, bunduki mkono wa kulia, kisu mkono wa kushoto. Jamaa akatuuliza, nyinyi picha gani ya Kimathi mnaijua? Wote tukataja ile ile, amelazwa kwa machela, pingu mikononi, baada ya kupigwa risasi ya mguu na kushikwa 21 Oktoba 1956. Mkoloni aliisambaza makusudi ndio watu wakate tamaa. Sasa Kevin Oduor aliyechonga hii amemwinua kutoka kwa hio machela akamrudishia silaha, na kumbuka kesi ya Nyeri iliyompeleka kitanzini ilikuwa ya kupatikana na bastola, leo ameshika bunduki nzima mchana kweupe katikati ya Nairobi na askari wanapita tu. Hapo nilikubali.

Rais Kibaki ndiye aliifungua, 18 Februari 2007, miaka 50 kamili tangu Kimathi anyongwe jela ya Kamiti. Mbona ikachelewa hivyo? Mau Mau ilikuwa bado imepigwa marufuku kisheria mpaka 2003, Kenya huru miaka 40 hio (ati mashujaa). Na familia haikupewa mwili wazike, kwa hivyo hii bronzi ndio watu wanaletea maua.

Kutoka hapo tukatembea hadi Freedom Corner, Uhuru Park, kuona ule mnara wa 2015 wa walioteswa na mkoloni. Pesa ilitoka Uingereza, baada ya wao kukubali 2013 kulipa wazee zaidi ya 5,000 fidia. Mimi kwa mchoro naupenda kushinda wa Kimathi, mniwie radhi. Mama anampa mpiganaji chakula na kila mmoja ameangalia kwake, hawaonani uso, ndio hata ukishikwa upigwe vipi huna jina la kutaja. Nilizunguka nikarudi mbele nikazunguka tena, mgeni wetu naye ananiuliza kama nimepoteza kitu.

Nyota moja nimetoa kwa sababu ya haraka. Kenyatta Avenue kuna wale askari watatu wa bronzi, ukumbusho wa Waafrika waliopigana Vita ya Kwanza ya Dunia na wabebaji mizigo waliokufa kwa maelfu, maandishi yako hapo kwa Kiswahili, Kiarabu na Kiingereza, na jamaa anasema tu "hio ni ya wazungu" huku anavuka barabara! Bana si ya wazungu, hao ni babu zetu. Pia saa sita si saa ya kwenda, jua linapiga kwa juu uso wa Kimathi unabaki giza na kelele za magari zinameza maelezo yote. Nendeni Jumapili asubuhi, na mwambieni mapema kwa askari watatu msimame.