Gemu za Kuanza Nazo kwa Mwenye Simu Janja Mpya: Ipi Ipakuliwe Kwanza, Ipi Isubiri

Mjomba wangu, mchuuzi wa dagaa katika soko la Mwaloni pale Kirumba jijini Mwanza, alitumia simu ya kitochi kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kununua simu janja, na kitu cha kwanza alichokitafuta ndani yake kilikuwa ule mchezo wa nyoka aliouzoea kwenye Nokia. Hakuupata. Kijana mmoja wa duka la simu akamwingizia gemu kumi na mbili kwa malipo kidogo, zote kutoka kwenye kadi yake ya kumbukumbu, na kabla ya wiki kwisha simu ilikuwa ikirusha matangazo hata mjomba alipokuwa akipiga hesabu za magunia, huku bando la wiki likimalizika siku ya pili. Tulikaa Jumapili nzima tukizifuta moja baada ya nyingine. Orodha niliyomwandikia siku ile ndiyo iliyozaa mwongozo huu, na nimekuwa nikiirekebisha kila jirani au ndugu anaponijia na simu mpya mkononi.

Nimezipanga gemu hizi kwa swali moja tu: nikishaipakua, itaendelea kunidai nini? Ziko zinazodai bando kila zinapofunguliwa, ziko zinazodai fedha kidogo kidogo, na ziko zinazodai muda kwa namna ambayo mchezaji hakuikusudia. Anayesafiri kwa meli kutoka Mwanza kwenda Nansio, safari ya yapata saa tatu, anajua kwamba katikati ya ziwa mtandao hukatika, na gemu isiyofunguka bila mtandao inakuwa mzigo uliojaza simu bure. Kwa hiyo gemu inayochezeka bila bando nimeipandisha juu, hata kama ni ya kulipia, na inayotegemea mtandao nimeishusha, hata kama inapendwa na nusu ya mtaa.

Kabla ya kupakua chochote, fungua mipangilio ya simu uangalie nafasi iliyobaki. Simu iliyoandikwa GB 32 haimpi mwenye nayo GB 32, kwa sababu mfumo wenyewe na programu zilizokuja na simu hukalia sehemu kubwa, na picha na video za WhatsApp hula nyingine. Pakua kutoka Google Play, duka la programu la Google, peke yake. Chini ya jina la kila gemu pale huandikwa kama ina matangazo na kama ina vitu vya kununuliwa ndani yake, na maandishi hayo madogo yana faida kuliko nyota na sifa zote zilizo chini yake. Kisha ingia kwenye mipangilio ya Google Play uchague programu zisasishwe kwa Wi-Fi tu, maana bila hivyo gemu moja inaweza kujisasisha usiku na kumaliza kifurushi ulichonunua jioni.

Nafasi ya kwanza naipa Lichess, programu ya sataranji, yaani chess. Najua wengi huku tumekulia kwenye drafti, ile ya vizibo vya soda na ubao wa kuchora kwa kalamu ya wino mzito, na mtu anaweza kuuliza kwa nini ninampeleka kwenye mchezo asioujua. Sababu ni kwamba sijaona programu nyingine yoyote ya michezo inayomheshimu mchezaji kiasi hiki. Ilianzishwa mwaka 2010 na Thibault Duplessis, Mfaransa, na inaendeshwa na shirika lisilo la faida kwa michango ya hiari. Haina tangazo hata moja, haina kitu cha kuuzwa ndani yake, na anayechangia hapati nguvu yoyote ya ziada dhidi ya asiyechangia. Bila mtandao unaweza kucheza na kompyuta iliyopangwa kwa ngazi nane, na anayeanza aanze ngazi ya kwanza bila haya, kwa sababu ngazi ya nane itamfunga karibu kila mtu ninayemfahamu. Watu wawili pia wanaweza kutumia simu moja, wakaiweka katikati ya meza na kucheza kama walio mbele ya ubao wa kawaida. Mjomba ilimchukua wiki mbili kuacha kumsogeza farasi kana kwamba ni kete ya drafti, lakini sasa ananipigia simu kunieleza alivyomnasa mfalme. Programu yenyewe ni nyepesi na haihitaji simu ya gharama.

Kuhusu bao, ambalo msomaji huenda amelitarajia, nimejaribu matoleo kadhaa ya simu na sikuridhika nayo kiasi cha kumwambia mtu ayapakue. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, na utamu wake mkubwa uko mkononi, katika kuzichota kete na kuzipanda shimo kwa shimo, jambo ambalo kioo kidogo hakijaweza kulibeba.

Nafasi ya pili ni ya Stardew Valley, na hii ni ya kulipia: bei yake ni takriban dola 5 za Marekani, mara moja, na baada ya hapo hakuna tangazo wala ununuzi mwingine. Nimeiweka juu hivi kwa sababu, kwa hesabu ya saa zitakazotumika, sijui shilingi iliyowahi kununua burudani ndefu kuliko hii. Mchezaji anarithi shamba la babu yake lililojaa magugu na mawe, anaanza na mbegu 15 za mboga ya mizizi na akiba ndogo ya fedha, na kuanzia hapo anaamua mwenyewe alime nini, afuge nini, avue wapi. Mwaka una misimu minne yenye siku 28 kila mmoja, na mazao mengi hufa msimu unapogeuka, hivyo anayepanda siku ya 26 zao linalokomaa kwa siku nne amezitupa mbegu zake. Mkulima wa Magu au Sengerema hahitaji kufafanuliwa somo hilo. Uvuvi wake ni mgumu mwanzoni, kwa kuwa unatakiwa kuizuia alama ya samaki ndani ya mstari unaopanda na kushuka huku samaki akihangaika, na wapo wanaoukatia tamaa siku ya kwanza. Nawasihi wavumilie, kwa sababu fimbo bora ya kuvulia na viwango vinavyopanda hufanya kazi iwe nyepesi kadiri siku zinavyokwenda.

Gemu hiyo yote ilitengenezwa na mtu mmoja, Eric Barone, aliyechora, akatunga muziki na kuandika hadithi kwa zaidi ya miaka minne hadi ilipotoka kwa kompyuta mwaka 2016. Kwenye simu za Android ilifika mwaka 2019. Inachezeka bila kuhitaji mtandao. Tahadhari zake ni mbili. Ya kwanza ni lugha, kwani haina Kiswahili na mazungumzo yake ni mengi, ingawa kijana wa sekondari ataimudu na huenda akaongeza msamiati. Ya pili ni kwamba shamba lako linahifadhiwa ndani ya simu, hivyo usiifute gemu ili kupata nafasi ya video ukidhani utalikuta shamba kama ulivyoliacha.

Kulipia ndiko kunakowatisha wengi. Mitandao ya simu sasa inatoa kadi ya kidijitali inayochukua fedha kwenye akaunti yako ya pesa za simu, na kadi hiyo ndiyo unayoiandikisha Google Play. Weka kiasi cha gemu peke yake, usiache salio kubwa humo. Ukinunua ukakuta gemu haiendi vizuri kwenye simu yako, omba kurudishiwa fedha ndani ya saa 48, wakati ambapo ombi hupelekwa kwa Google yenyewe, na maombi ya mapema hukubaliwa kwa urahisi zaidi.

Ya tatu ni Mini Metro, iliyotengenezwa New Zealand, nayo ni ya kulipia kidogo na huchezeka bila mtandao. Unachora njia za treni kuunganisha vituo vya duara, pembetatu na mraba, kila abiria akitaka kufika kwenye umbo lake, na kituo kimoja kikizidiwa na abiria kwa muda mrefu mchezo umekwisha. Miji ni ya kweli, ikiwamo London na Cairo. Aliyewahi kusimama Igoma saa kumi na mbili asubuhi akisubiri daladala yenye nafasi ataelewa tatizo hili bila maelezo, na huenda akaanza kuwaza jinsi angelipanga jiji letu. Haina maneno mengi, kwa hiyo lugha si kikwazo.

Nafasi ya nne ni ya Alto's Odyssey, ya mwaka 2018, ambayo kwenye Android ni bure na ina matangazo. Unateleza jangwani kwa ubao, unaruka kwa kidole kimoja, na kuna namna ya kucheza isiyo na alama wala sarafu kwa anayetaka tu kutulia. Nimempa mama mdogo, ambaye hapendi gemu yoyote, na ameibakiza.

Subway Surfers, gemu ya kukimbia kwenye reli ukikwepa treni, naiweka ya tano. Imetoka Denmark tangu 2012, kila mtoto anaijua, inakimbia hata bila bando, na ukizima data matangazo mengi hunyamaza. Shida ni vishawishi vya kununua vinavyochomoza kila baada ya mbio.

Candy Crush Saga, gemu ya kupanga peremende za rangi moja, ambayo nayo ni ya 2012, ni ya sita, na hapa namwomba mzazi asome polepole. Mchezaji ana maisha matano, na kila moja lililopotea hurejea baada ya nusu saa, hivyo aliyeyamaliza yote husubiri saa mbili na nusu ili yajae, au alipe. Kinachouzwa pale ni subira yako. Mtu mzima aliyekwishaamua kutolipa anaweza kuifurahia miaka na miaka. Lakini simu inayoshikwa na watoto na yenye kadi iliyoandikishwa lazima iwekwe nenosiri kwa kila ununuzi, kupitia mipangilio ya Google Play.

Mwisho nimeziweka eFootball ya Konami, gemu ya mpira wa miguu, na Free Fire ya Garena, gemu ya kupigana kwa bunduki, nikijua vijana wa Mabatini watanilaumu. Ni gemu zilizotengenezwa kwa ustadi, na mpira wa eFootball ni mtamu hasa mnapokutana marafiki. Hata hivyo eFootball hukalia GB kadhaa, zote mbili huhitaji mtandao usiotetereka, na zote mbili huuza vitu ambavyo wakati mwingine hujui utapata nini hadi umekwishalipa. Anayezitaka azipakue mahali penye Wi-Fi, kwenye simu yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kuendeshea programu, ya GB 4 au zaidi, na ahakikishe zimekamilisha kupakua mafaili ya ziada ndani ya gemu kabla ya kuondoka hapo, kwa sababu sehemu hiyo ya pili ndiyo inayomaliza bando la watu wakiwa tayari njiani kurudi nyumbani.