Jumamosi sita na narativu moja: maoni yangu kuhusu mafunzo ya tathmini za mikopo ya FHA

Nimelipa dola 1,850, mwajiri wangu akanirudishia nusu, na nyota zangu ni nne kati ya tano. Huduma yenyewe ni mafunzo ya kuandika ripoti ya mtathmini wa mkopo, ile ambayo ofisini tunaiita narativu, kwa mikopo ya nyumba za kupanga za bei nafuu inayokatiwa bima na serikali ya Marekani kupitia shirika lake liitwalo FHA. Unapata Jumamosi sita za darasa kwa Zoom, muda wa saa tatu kila Jumamosi, na pia unatuma rasimu yako moja nzima nayo inasomwa ukurasa kwa ukurasa. Mwalimu ni mama mstaafu aliyeandika narativu kwa miaka mingi akiwa kwa mkopeshaji, kisha akawa mtu wa kuzipokea na kuzisoma serikalini. Darasani tulikuwa tisa.

Mimi ni mtu wa Tanga. Kabla ya kuhamia Columbus, Ohio, nilikuwa afisa mikopo benki kwa miaka mitano, na kule kazi hii niliifanya kwa dokezo. Dokezo la mkopo wa jengo la kupangisha lilikuwa kurasa nne, likizidi tano, na meneja akikwama mahali aliniita tu, nikakaa mbele yake nikamweleza. Ukiwa na narativu humpati wa kumweleza. Inapita kurasa mia, inaondoka na viambatisho vyake kwenda ofisi ya kanda ya HUD, wizara ya nyumba ya Marekani, ambayo kwetu Ohio ni Chicago pamoja na matawi ya Detroit na Minneapolis, na huko inasomwa na mtu asiyekujua na ambaye huenda hajawahi kukanyaga kiwanja hicho. Jambo ulilolijua ukaacha kuliandika, kwake halipo.

Kwa wageni wa kazi hii: FHA, iliyoanzishwa na sheria ya nyumba ya mwaka 1934, haitoi fedha kwenye mikopo hii. Fedha ni za mkopeshaji, na mkopo ukishafungwa huuzwa kwa wawekezaji kupitia hati zinazodhaminiwa na Ginnie Mae, shirika jingine la serikali. Serikali inachotoa ni bima, yaani mwenye jengo akishindwa kulipa, mkopeshaji anafidiwa. Kwa ujenzi mpya chini ya kifungu 221(d)(4) cha sheria hiyo, deni linaweza kulipwa kwa miaka 40 baada ya ujenzi kwisha. Basi narativu inatakiwa kusema kwa nini serikali ibebe hatari ya jengo hili kwa muda ambao mtoto anazaliwa, anakua, naye anapata watoto. Chini ya mwongozo wa MAP, yaani kitabu cha HUD cha taratibu za mikopo hii, ambao sisi tunatumia toleo la Desemba 2020 pamoja na barua zilizolirekebisha baadaye, tathmini yote anaifanya mkopeshaji aliyeidhinishwa, kisha HUD inaipitia. Mzigo wa kushawishi ni wetu.

Ninaijali kazi hii kwa sababu nyingine pia. Tulipofika Columbus, mimi na mume wangu na mtoto mmoja, tulipanga kwenye jengo la aina hii. Kabla ya kukabidhiwa ufunguo tulipeleka hati za mishahara, tukahojiwa kipato hadi senti. Tulikaa pale miaka mitatu, na ndiyo miaka iliyotuwezesha kusimama. Kila ninapoandika mstari wa apatimenti za vyumba viwili, ninaona jiko letu la pale na dirisha lake lililoangalia maegesho.

Rasimu niliyoituma ilikuwa ya mradi wa apatimenti 72, ujenzi mpya, wenye punguzo la kodi. (Namba nimezibadilisha kidogo ili mradi usitambulike.) Hapa Kiswahili chetu kinahitaji uangalifu, maana kodi ni ile anayolipa mpangaji na kodi ni ile inayokwenda serikalini. Ya mpangaji nitaiita pango. Punguzo la kodi ya mapato kwa nyumba za bei nafuu lilianza mwaka 1986. Mwekezaji anaweka mtaji kwenye jengo, anapunguziwa kodi yake ya mapato, na mwenye jengo anakubali kufungwa mikono kwenye pango na kwenye kipato cha wapangaji. Kiwango kilichozoeleka ni asilimia 60 ya kipato cha kati cha eneo, na pango pamoja na bili lisizidi asilimia 30 ya kiwango hicho cha kipato.

Jumamosi ya kwanza mwalimu aliweka kwenye skrini sentensi zetu wenyewe bila kutaja majina. Yangu ilisema eneo ni zuri na lina mahitaji makubwa ya nyumba. Akaisoma kwa sauti, akauliza, "Nani amesema? Na wewe mtathmini umeamua nini?" Swali hilo la pili ndilo nililolipia. Alilirudia kwa kila mtu kwa wiki sita, na kwenye rasimu yangu nimelihesabu pembeni mwa kurasa mara 31.

Ukweli ni kwamba tulio wengi tunanakili na kubandika. Mthamini ameleta ripoti yake, mtafiti wa soko ameleta yake, mhandisi wa mazingira ameleta yake, nasi tunazipanga kama ngazi na kuziita narativu. Mthamini na mtathmini wanakaribiana kwa jina tu. Mthamini anasema jengo lina thamani gani, mtathmini anasema kama namba hiyo ameikubali, ameipunguza au ameikataa, na kwa sababu ipi. Mwongozo unamruhusu mtathmini kutofautiana na ripoti alizoziagiza, mradi aandike sababu. Mimi kwa miaka miwili nilikuwa sijawahi kutofautiana na ripoti hata moja.

Mfano ambao sitausahau unahusu utafiti wa soko. Ulitaja majengo manne ya punguzo la kodi yaliyo karibu na kiwanja chetu. Mawili yana orodha ya wanaosubiri, moja limejaa, la nne lina nafasi tupu asilimia 9. Nilikuwa nimeandika wastani wa yote manne na kuendelea na safari. Mwalimu akaizungushia ile 9 kalamu nyekundu: kwa nini? Nikapiga simu kwenye jengo lile. Meneja wake, mama mchangamfu, akanieleza kwamba bomba lilipasuka wakati wa baridi, apatimenti 7 kati ya 80 zimefungwa kwa matengenezo, na bima inashughulikia. Simu ya dakika sita. Aya yangu ya soko ikabadilika kabisa, kwa sababu jengo lile lililoonekana limekosa wapangaji kumbe limekosa vyumba vya kuwapa. Msomaji wa Chicago angeiona 9 akashituka, na mimi nisingekuwepo kumtuliza.

Sasa nije kwenye dola 13, maana hapa ndipo huduma ilipojilipa yenyewe.

Pango la juu kabisa la vyumba viwili kwenye mradi, pamoja na bili, lilikuwa dola 1,340. Makadirio ya bili za mpangaji yalikuwa dola 118, kwa hiyo kwenye narativu niliandika pango la 1,222. Lakini kwenye kiambatisho kulikuwa na jedwali jipya la mamlaka ya nyumba, ambalo bili zimepanda hadi 131. Pango sahihi likawa 1,209. Tofauti ni dola 13, nami nilipoambiwa nilidhani ni jambo la kurekebisha kwa kubonyeza kitufe. Mwalimu akataka nilifuatilie hadi mwisho, mbele ya darasa. Apatimenti 40 za aina hiyo kwa miezi 12 ni dola 6,240. Ondoa asilimia 5 ya nafasi tupu, inabaki 5,928. Kwa nyumba za bei nafuu za aina yetu, mapato halisi wakati huo yalitakiwa kuwa mara 1.15 ya malipo ya deni, kwa hiyo gawanya kwa 1.15: karibu dola 5,155 za malipo ya mwaka hazipo tena. Tukichukua malipo ya mwaka, yaani deni lenyewe, riba na bima pamoja, kuwa asilimia 6.5 ya mkopo, mkopo wenyewe unashuka karibu dola 79,000.

Dola 79,000 ambazo mwendelezaji amekwisha kuzipanga kwenye saruji na mabomba. Na kwa sababu kwenye mradi wetu kigezo cha tano cha fomu HUD-92264-A, ile ya kukokotoa ukubwa wa mkopo, kile cha uwezo wa kulipa deni, ndicho kilichotoa mkopo mdogo kuliko vingine, na mkopo haupiti kilicho kidogo, hapakuwa na pengine pa kuzifidia. Kosa hilo lingeonekana baada ya kuwasilisha, na faili lingerudi. Mimi nililiona nikiwa nimekaa mezani kwangu Jumamosi asubuhi na kikombe cha chai.

Sehemu ya hatari na vipunguza hatari aliifundisha kwa ukali, nami nakubaliana naye. Kwake, kinachopunguza hatari ni kitu kilichopo: fedha zilizotengwa, mkataba uliosainiwa, au rekodi inayoweza kukaguliwa. Nilikuwa nimeandika kwamba hatari ya jengo kuchelewa kujaa inapunguzwa na uzoefu wa kampuni ya usimamizi. Akakata mstari mzima. Uzoefu upi? Nikarudi kwenye kumbukumbu zao, nikakuta jengo lao la karibuni la apatimenti 60 lilijaa ndani ya miezi mitano, yaani apatimenti 12 kwa mwezi. Kwa kasi hiyo, 72 zetu ni miezi sita. Halafu nikaonyesha kwamba akiba iliyotengwa kwa ajili ya upungufu wa mwanzo inatosha hata zikichukua tisa. Aya ile ilipungua urefu, na sasa inasema kitu.

Kwenye gharama alikuwa mwepesi zaidi, pengine kwa kuwa kila mtu alileta jimbo lake. Kwa sisi wa Ohio alikumbusha jambo moja zuri: kaunti zinathamini majengo upya kwa ajili ya kodi kila miaka sita na kurekebisha thamani katikati, mwaka wa tatu, hivyo ukichukua kodi ya jengo la jirani andika ni ya mwaka upi.

Nyota niliyoinyima ina sababu tatu. Kwanza, sampuli nyingi alizotugawia ni za majengo yenye mkataba wa Section 8, ambako serikali inalipa tofauti kati ya pango na uwezo wa mpangaji. Kule kiwango kilikuwa 1.11 badala ya 1.15 na nafasi tupu zilihesabiwa asilimia 3. Ni mikopo tofauti kabisa. Sisi wa punguzo la kodi bila ruzuku ya pango tulipata Jumamosi moja tu, ya tano, na ilikwisha maswali yakiwa bado yanamiminika. Pili, kiolezo kimoja kilikuwa bado kinataja kurasa za toleo la zamani la mwongozo. Mtu mgeni angezinukuu akaaibika. Tatu, rasimu iliahidiwa kurudi ndani ya siku tano za kazi na yangu ilirudi siku ya kumi na moja. Nilimwandikia mara mbili kwa adabu. Hatimaye aliomba radhi na kuniongezea nusu saa ya simu, ambayo niliipokea na kuitumia vizuri, lakini mwenye tarehe ya kufunga faili asingekuwa na anasa ya kusubiri.

Na kuna jambo la lugha. Kiingereza cha mwalimu ni cha haraka, na kwenye rasimu yangu alisahihisha sarufi na hoja kwa rangi ileile moja. Wiki nzima ya kwanza nilidhani nimevurunda kila kitu. Nilipozitenganisha nikakuta karibu theluthi ni viambishi vya Kiingereza tu. Ukijiunga, mwombe mapema atumie rangi mbili. Wenzangu wa Nairobi na Bujumbura tuliokuwa nao darasani walisema hivyohivyo.

Nani alipie? Ningesema mtu aliyekwisha kugusa faili moja angalau, hata kama kazi yake ilikuwa kukusanya viambatisho. Nawafahamu ndugu zetu kadhaa hapa Ohio wenye shahada za uhasibu waliokwama kwenye uchakataji wa mikopo, wanaojua mahali kila karatasi inapokaa lakini hawajaaminiwa kuandika. Kwao hii ni fedha iliyowekwa mahali pake. Anayeanza kabisa aanze na mwongozo wa MAP, ambao HUD inautoa bure mtandaoni, asome sura za tathmini na uthamini, halafu arudi hapa baada ya miezi sita.

Ukishalipa, usimtumie muhtasari kwanza kama nilivyofanya. Mtumie sura ya soko na sura ya mapato, pamoja na jedwali lako la Excel na jedwali la bili lenye tarehe inayoonekana. Mimi faili langu la pili chini ya mafunzo haya liliondoka mwezi uliopita. Lina apatimenti 54, na kwenye sura ya mahali nilikuwa nimeandika kwamba usafiri upo karibu. Nikaisoma tena, nikafungua ratiba ya basi, nikakuta Jumapili linapita kila baada ya saa moja na la mwisho ni saa mbili usiku. Nikaandika hivyo, na nikaandika kwamba wapangaji wanaofanya zamu za usiku hospitali iliyo kilomita tatu watahitaji gari, na kwa hiyo nafasi 81 za maegesho ninazikubali.