Kinasa sauti cha chumba cha ambulensi: kilichotufaa Mombasa na kisichotufaa

Kila wakala anayekuja kuuza kinasa sauti huanza na habari za mahakama. Atakwambia simu zitahifadhiwa miaka na mikaka, hakuna atakayezichezea, na siku wakili akiuliza gari liliondoka saa ngapi utakuwa na jibu. Ni kweli. Lakini mimi nasimamia zamu katika chumba cha simu cha huduma binafsi ya ambulensi hapa Mombasa, na kazi kubwa ya kinasa sauti kwetu ni kuitafuta nyumba ya mgonjwa. Mahakama inakuja baadaye sana.

Sehemu kubwa ya Kisauni, Likoni na Jomvu haina nambari za nyumba wala majina ya njia ambayo dereva angeyafuata. Mtu anapiga huku anahema: "Shuka hapo steji, shika njia ya msikitini, pita kisima, nyumba ya makuti ya mwisho, mlango wa kijani." Kisha simu inakatika. Ukimpigia hapatikani, chaji imemwishia, au ile simu aliiazima kwa mtu wa bodaboda ambaye keshaondoka. Kwetu simu inaingia na nambari tu, haiji na ramani. Basi yale maneno machache ndiyo anwani, na mpokea simu lazima ayasikie tena papo hapo, kitini pake, wakati dereva anawasha gari.

Kwa kipimo hicho, kinasa sauti kilichokuja ndani ya mtambo wetu wa kwanza wa simu kilifeli mapema. Kilikuwa kinarekodi vizuri tu. Shida ni kwamba faili ilionekana baada ya simu kufungwa, na kuisikiliza kulitaka nywila ya msimamizi. Saa nane za usiku msimamizi yuko upande wa pili wa feri, mpokea simu anabaki kukisia kama alisikia "kisima" au "kisimani". Kwa duka la vipuri au ofisi ya bima, chombo kile kinatosha kabisa.

Baadaye kijana mmoja fundi alitujengea mfumo wa Asterisk, programu huria ya kuendesha mtambo wa simu, isiyo na ada ya leseni. Hii naisifu bila kigugumizi. Ina amri iitwayo MixMonitor inayonasa pande zote mbili za mazungumzo, faili zinatoka katika WAV ya kawaida inayofunguka kwenye kompyuta yoyote, na sauti ni mali yako, huombi ruhusa kwa mtu. (Asterisk ilianzia Alabama mwaka 1999, jimbo lile lile ambako simu ya kwanza ya 911, nambari ya dharura ya Marekani, ilipigwa mwaka 1968, katika mji wa Haleyville. Napenda tu kulijua hilo.) Lakini skrini ya kurudia simu ilibidi ajenge mwenyewe, na redio za magari zilitaka kifaa kingine cha kuziunganisha. Fundi alipopata kazi Doha tukabaki na nambari yake ya WhatsApp. Kama una fundi wa kudumu kwenye mishahara, usitafute zaidi. Sisi hatukuwa naye.

Tunachotumia sasa ni chombo maalumu cha vyumba vya dharura, tulichonunua kupitia wakala. Jina silitaji kwa sababu nitakilaumu pia. Uzuri wake uko kwenye kitufe kimoja: kila mpokea simu anaweza kurudi nyuma dakika kadhaa kwenye simu yake mwenyewe hata kabla haijakatika, na kuipunguza mwendo bila sauti kugeuka nzito. Bibi wa Kigiriama anayeongea haraka kwa hofu, ukimsikiliza taratibu mara ya pili, unapata jina la mti na jina la mwenye duka. Ningekuwa na pesa ya jambo moja tu, ningelipia kitufe hicho.

Sasa redio, na hapa nawaomba wenzangu mkae kitako, kwa sababu kwenye vipeperushi hupewa mstari mmoja. Vinasa sauti vingi hunasa redio kwa kuamshwa na sauti: kukiwa kimya vinalala, mtu akisema vinaamka. Kuamka kunachukua muda mdogo, na katika muda huo mwanzo wa neno unamezwa. Kwa lugha yetu hilo ni hatari, maana kukanusha kwetu kunakaa mwanzoni. Mhudumu akisema "hana mapigo", faili inabaki na "ana mapigo". Daktari anayesikiliza baadaye kutathmini kazi, au wakili, anasikia kinyume cha kilichosemwa. Dawa ipo, nayo ni chombo kinachoweka akiba ya sekunde chache kabla ya kuamka, au kunasa mfululizo bila kulala kabisa. Sisi tulichagua kunasa mfululizo.

Wakala alipinga akisema diski itajaa. Tukapiga hesabu mbele yake. Sauti ya simu isiyobanwa, kwa kiwango kiitwacho G.711, hutumia kilobiti 64 kwa sekunde. Hiyo ni kama megabaiti 29 kwa saa, chini ya 700 kwa siku nzima, na kama gigabaiti 250 kwa mwaka kwa njia moja, yaani laini moja ya simu au redio. Njia nane zikinasa usiku na mchana zinakula terabaiti mbili kwa mwaka. Diski mbili zinazonakiliana, ili moja ikifa nyingine ishike, si gharama ya kumnyima mtu usingizi. Ukibana kwa kiwango kingine, G.729, unashuka hadi kilobiti 8, ila sauti ya simu ya mkononi imeshabanwa na mtandao kabla haijakufikia. Ukiibana tena, sauti za nyuma na pumzi zinavurugika. Na pumzi ndiyo tunayoisikiliza: yule anayekoroma kwa vipindi huenda moyo wake umesimama. Kwa sababu hiyo hiyo, zimeni kile kipengele cha kukata ukimya ili kuokoa nafasi.

Lawama yangu kwa chombo hiki ni moja, na ni nzito. Siku swichi ya mtandao, kile kifaa kinachounganisha simu na kompyuta zetu, ilipobadilishwa, nakala ya mazungumzo iliyokuwa ikipelekwa kwenye kinasa sauti haikuwekwa upya. Chombo kiliendelea kuwaka taa ya kijani, kikitengeneza faili zenye saa na tarehe, na ndani yake hamna kitu. Kengele yake ilijua diski kujaa na stima kupotea, haikujua ukimya. Wakala alitengeneza baada ya kusukumwa sana. Siku hizi kila zamu ikiingia, mtu anapiga simu ya majaribio, anaita gari moja kwenye redio, kisha anazisikiliza zote mbili. Ukionyeshwa chombo chochote, mwombe muuzaji achomoe waya wa mtandao mbele yako, uone kitapiga kelele baada ya muda gani. Sura ya muuzaji pekee itakueleza mengi.

Saa nayo ikaguliwe. Kinasa sauti, redio na GPS za magari vyote vifuate saa moja ya mtandao, kwa ukanda wa Nairobi. Chetu kilifika kikiwa na saa ya Greenwich, saa tatu nyuma yetu. Ukiongeza kwamba wapokea simu huandika daftarini "saa nane usiku" na skrini inasema 23:00 ya jana yake, kulinganisha simu na safari ya gari kunakuwa kazi ya siku nzima.

Upande wa sheria sitakaa sana. Sheria ya Kenya ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, kwa hiyo taka mfumo unaoandika nani alisikiliza simu gani na lini. Bila hilo, kilio cha mama wa watu kitazunguka WhatsApp na hutajua kilitokea wapi. Na kifungu cha 106B cha Sheria ya Ushahidi kinataka cheti cha kuthibitisha rekodi ya kielektroniki, basi hakikisha muuzaji anaweza kukuonyesha faili na historia yake bila programu ya siri ambayo wakili hawezi kuifungua.

Bei iulizeni kwa njia na kwa mwaka. Chombo chenyewe kilikuwa nafuu kuliko nilivyotarajia. Matengenezo ya kila mwaka, yanayolipwa kwa dola, ndiyo yanayouma. Juu yake walitaka tununue huduma ya kompyuta kugeuza simu kuwa maandishi. Tuliijaribu kwa simu halisi za zamu ya usiku, Kiswahili kimechanganyika na Kigiriama, Kidigo na Sheng, na matatu inapiga muziki nyuma. Kwenye karatasi, "Mshomoroni", mtaa wa hapa Mombasa, ilitoka kama jina la mtu. Hiyo tumeikataa, na pesa yake imenunua vipokea sauti vipya vya masikioni kwa kila kiti.