Tiketi ya kusubiri, Dar hadi Mtwara, wiki ya Krismasi: uzoefu wangu

Kwa wenye haraka nianze na hukumu: mwezi wa tatu tiketi hii ni nzuri sana. Desemba, usiahidi mtu siku ya kufika.

Mdogo wangu ameajiriwa kwenye shirika moja la ndege, na katika marupurupu yake zimo tiketi za ndugu. Watu wa anga wanaziita ID75, yaani punguzo la asilimia 75. Unalipa robo ya nauli, ila kodi na ada za uwanja unalipa kama mtu mwingine yeyote. Sharti lake ni moja, nalo lina meno: unapanda endapo kiti kimebaki baada ya wenye nauli kamili. Kisipobaki, unabeba begi lako unarudi ulikotoka na kujaribu ndege nyingine. Tiketi yenyewe haipotei.

Kilichonidanganya ni safari ya Machi. Nilifika uwanjani Dar, nikaandikwa, na muda si mrefu nimekaa dirishani natazama mikono ya Rufiji inavyoingia baharini. Kama saa moja hivi, nimeshuka Mtwara. Waliopanda basi Mbagala alfajiri ile walikuwa bado njiani. Nikajiona mjanja. Nikampigia mama palepale: Krismasi nakuja kwa ndege, jogoo aandaliwe.

Sikuwa nimepiga hesabu ya Desemba ya Kusini. Shule zimefungwa, watumishi wako likizo, na juu ya hayo ni msimu wa korosho. Minada inaendelea, wanunuzi wanakwenda na kurudi, na mkulima aliyekwishalipwa ana mtoto Dar anayetaka kumwona. Wote hao wanagombea ndege ya mapangaboi yenye viti sabini na kitu. Mimi mwenye robo nauli niko nyuma yao.

Tarehe 22 sina la kusimulia. Nilikuwa wa tisa kwenye orodha, hakupanda hata mmoja. Nikarudi Tandika.

Tarehe 23 ndiyo niliyojifunza. Nilifika mapema kabisa, nikidhani anayetangulia ndiye anayeanza. Sivyo. Orodha ile haipangwi kwa kuwahi. Anatangulia mfanyakazi aliyetumwa kikazi, wanafuata wafanyakazi walio likizo na familia zao, halafu ndiyo sisi ndugu na jamaa. Na ndani ya kila kundi wanatazama mwaka wa kuajiriwa. Mdogo wangu ana miaka miwili kazini. Mbele yangu alikuwapo mzee mmoja ambaye nadhani aliajiriwa nikiwa darasa la tatu, yuko na mkewe na wajukuu wawili. Nikamwamkia shikamoo, nikajua leo tena.

Kusubiri kwenyewe kuna adabu zake. Usisogee mbali na kaunta, maana jina likiitwa hukuitika wanaita la chini yako. Usibebe zaidi ya begi la mkononi, kwa sababu wanakuita dakika za mwisho na hakuna muda wa kupima masanduku. Vaa kiheshima, kwa kuwa unasafiri kwa jina la mfanyakazi na ukileta fujo anayeulizwa ni yeye. Ukiona abiria wa nauli kamili anakuja mbio jasho linamtoka, usimkate jicho. Mimi nilimkata mmoja, nakiri.

Kaunta ilipofungwa, yule dada akahesabu karatasi zake, akamwita mzee na mkewe na wajukuu. Halafu akatutazama tuliobaki.

"Viti vinne vingine viko wazi, lakini uzito umejaa."

Kuna kaka akapandisha sauti: viti vipo, uzito wa nini? Dada wa watu akamweleza bila kukasirika, na hilo nampa nyota zote tano. Hali ya hewa Mtwara siku hiyo ilikuwa ya mvua, hivyo rubani alikuwa amebeba mafuta ya ziada ili akishindwa kutua aweze kugeuza. Mafuta yana uzito. Abiria nao walikuwa na mizigo ya sikukuu, matelevisheni na mabegi yaliyofungwa kamba. Ndege ina kikomo chake cha kuruka, na kikifikiwa, kiti kinakwenda kitupu. Nilikuwa sijui. Nilikuwa naamini ukiona kiti umeona safari.

Mama akapiga. "Nimchinje?"

"Bado mama, kesho."

"Mwanangu, hiyo kesho yako naisikia tangu jana."

Jioni mdogo wangu akachungulia kwenye mfumo wao, akaniambia, "Dada, kesho usijisumbue, wameuza mpaka kupitiliza. Njoo tarehe 25 asubuhi." Nikaona hilo la kungoja Krismasi ipite nikiwa Tandika silikubali, nikaenda Mbagala Rangi Tatu kutafuta basi la usiku, maana tangu yaruhusiwe kutembea usiku mwaka 2023 hiyo imekuwa njia ya wengi. Niliambiwa kuna nafasi ya kukaa kwenye ndoo, katikati ya njia. Ndoo, mpaka Mtwara! Nikarudi.

Tarehe 25 ndege ilikuwa kama ya kwangu. Kila aliyetaka kula sikukuu kwao alikwishafika kwao. Niliulizwa nataka dirisha au pembeni. Nikaingia Chikongola kabla ya chakula cha mchana na kumkuta jogoo anaparua uani, mzima, kifua mbele. Mama alikwishakata tamaa, kapika samaki.

Nikijumlisha bajaji za kwenda na kurudi uwanjani, chai za bei ya uwanja wa ndege na siku tatu za likizo zilizoliwa, punguzo lote limebaki kama nusu yake. Bado ni hela. Tiketi hii naipa nyota tatu, na ya tatu ni ya dada wa kaunta. Ukiwa na harusi, msiba au usaili, lipa nauli kamili au kata tiketi ya basi wiki mbili kabla.

Kurudi ilikuwa tarehe 3 Januari. Dar ukikosa ndege unarudi kwako. Mtwara ukikosa, bosi anakungoja Dar. Nilikwenda uwanjani na kilo tano za korosho, nikamwomba kijana wa bajaji asiondoke kwanza. Foleni ilikuwa imefika nje ya mlango. Sikuuliza hata niko wa ngapi. Nilirudi kwenye bajaji, kijana akawasha, akasema, "Stendi, sio?"