Mstari wa lengo katika chati za DHIS2
DHIS2, programu huria isiyotozwa ada, iliyoasisiwa katika Chuo Kikuu cha Oslo na ambayo sasa inabeba takwimu za afya za Kenya na Tanzania, ina kipengele kimoja ninachokithamini kuliko vingine: katika chati ya pau, mtumiaji huandika thamani ya lengo, tuseme asilimia 90 ya chanjo ya Penta 3 (dozi ya tatu ya chanjo ya watoto inayokinga magonjwa matano), na mara mstari mlalo hukatiza chati nzima, hivyo wilaya zilizopungukiwa huonekana bila kusoma tarakimu hata moja. Hata hivyo, mstari huo ni wa thamani moja tu. Kwa lengo linalokua mwezi hadi mwezi, ile chati ya karatasi inayobandikwa ukutani kliniki, yenye mshazari unaopanda kutoka sifuri mwanzoni mwa mwaka hadi lengo kamili mwezi Desemba, bado inaishinda kompyuta. Chati duara ningeiepuka kabisa kwa kazi hii. Na upau ukivuka asilimia 100, msimamizi asikimbilie kupongeza. Mara nyingi ni makadirio ya idadi ya watoto ndiyo yaliyokuwa madogo mno.