Wazoa taka wa mifuko mitatu, Nyegezi, Mwanza: nyota tatu

Wale mnaoniuliza inboksi kuhusu hawa jamaa wa taka za kutenganisha, majibu ndo haya. Jina siwataji, ila wa Nyegezi, Mkolani na Butimba mtawajua tu, ndo hao wenye guta na fulana za kijani wanaokugawia mifuko mitatu, mmoja wa plastiki na makopo, mmoja wa maboksi na karatasi, mmoja wa taka za jikoni, elfu kumi kwa mwezi, na hiyo ni juu ya ile hela ya taka ya mtaa ambayo utadaiwa kama kawaida.

Kwenye kufika sina neno. Siku yao ni siku yao hata mvua ikinyesha, wanapiga hodi, malipo ukituma kwa simu risiti inakuja hapohapo. Gari la mtaa tunajuana nalo, linaweza kupotea mpaka nzi wakahamia ndani.

Sasa tuje kwenye ile lawama inayozunguka mtaani, kwamba sisi tunajitesa kutenganisha halafu wao wanamwaga vyote kwenye guta moja. Ni kweli, wanamwaga. Nilimbana kijana wao getini, nikamwambia mdogo wangu huku si ni kuchezeana, akasema "dada kama huamini twende ukaone," nami mbishi nikachukua boda nikawafuata mpaka kwenye uwanja wao wa kuchambulia.

Kumbe pale kuna kina mama wanachambua upya kila kitu kwa mkono, kwa hiyo kuchanganywa kwenye guta siyo ishu kivile, shida ni ule mfuko wa jikoni tu, maana boksi likishalowa mchuzi wa sato halina mnunuzi tena. Mama mmoja kakalia ndoo iliyopinduliwa, anashika chupa ya maji, anazungusha kifuniko kinaangukia kiroba cha pembeni, lebo anaichana na kisu kisicho na mpini, anaikanyaga, anarusha, zisizo na rangi huku, za kijani na bluu kule, na muda wote anapiga stori na mwenzake wala hatazami mikono. Nikamuuliza rangi ina nini. Akasema nyeupe ndo ina hela. Na ina mantiki, plastiki isiyo na rangi kiwandani unaigeuza rangi yoyote, ya kijani itabaki na ukijani wake. Vifuniko navyo ni plastiki ya aina nyingine kabisa, hata vikisagwa pamoja na chupa vinatenganishwa kwenye maji, vipande vya chupa vinazama, vya kifuniko vinaelea.

Kutoka hapo chupa zinapimwa kwenye mzani, zinauzwa kwa kilo kwa mnunuzi wa jumla. Kiwandani zinasagwa, zinaoshwa, nyingi zinaishia kuwa nyuzi, zile za kujazia mito, au kamba ngumu za kufungia mizigo. Madumu na mabeseni yaliyopasuka yanayeyushwa yanarudi kuwa ndoo au mabomba. Vyuma chakavu vinakuwa nondo. Makopo ya alumini ndo hayalali pale, kila mtu anayagombea, maana kuyayeyusha kunakula kama asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya, na mafundi wa masufuria wanalijua hilo kitambo.

Mpaka hapo nilikuwa nimeshapanga kuwapa nyota tano. Halafu nikaona kule nyuma ukutani.

Rundo la pakti za biskuti, mifuko ya mkate, vikombe vya mtindi, sasheti, maboksi ya juisi. Vile vyote ambavyo mimi nyumbani naviosha na kuvianika kama samaki! Nikauliza hizi zinaenda wapi. "Hizo hazina mteja mwanangu, hizo Buhongwa." Yaani dampo, kulekule zinakomwagwa za mtaa. Na karatasi yao ya matangazo imeandikwa kwa herufi kubwa TAKA ZAKO ZOTE ZINAREJELEZWA. Nilipomuuliza msimamizi akacheka, eti "dada hilo ni tangazo tu la biashara." Nyota mbili zikaondoka na kile kicheko.

Siwalaumu kwa kukosa mteja. Boksi la juisi ni karatasi, plastiki na alumini vimegandishwa pamoja, nani akubandulie? Na zile namba kwenye pembetatu ya mishale chini ya chupa zisiwadanganye, zililetwa na wenye viwanda vya plastiki Marekani mwaka 1988 kutambulisha aina ya plastiki, siyo ahadi kwamba itarejelezwa. Utafiti wa 2017 ulikadiria kwamba kati ya taka zote za plastiki duniani mpaka 2015, zilizorejelezwa ni asilimia 9 tu. Hapa kwetu mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, ila vifungashio vya viwandani viliachwa, na ndo hivyo vimejaa kwenye lile rundo. Ninachowalaumu ni kutuchaji kwa maneno ambayo wenyewe wanajua siyo.

Hata hivyo bora Buhongwa kuliko mto Mirongo, maana huo unamwaga ziwani. Wanasayansi walinunua sangara na sato hapahapa Mwanza wakawapasua, asilimia 20 ya kila aina walikuta plastiki tumboni, utafiti ulitoka 2016. Kwa hiyo wewe unayesubiri mvua ili umwage mtaroni, wajiunge tu hawa.

Ukijiunga, usihangaike kuosha pakti, weka na taka nyingine. Chupa suuza kidogo, kanyaga, maboksi yawe makavu, basi. Chupa za kreti za bia na soda msiwape, rudisheni dukani mpate hela yenu. Na kama nyumbani mko wawili watatu mnakunywa maji ya kuchemsha, hiyo elfu kumi ni kubwa, mpe chupa zako mama anayepita na kiroba asubuhi, zinafikia mzani uleule.

Wa milimani nimeuliza pia, guta halipandi kwenye mawe, mtashusha wenyewe mpaka barabarani na bei ni ileile.