Sikwensa ya hatua: Pure Data au VCV Rack?

Sikwensa ya hatua hupiga noti moja baada ya nyingine, kisha hurudia mzunguko. Ukitaka mdundo leo leo, fungua VCV Rack, programu ya kompyuta inayoiga sinthesaiza ya vipande (moduli) vinavyounganishwa kwa waya. Moduli yake ya SEQ 3 ina hatua 8 na safu 3 za vitufe vya kuzungusha: unachomeka waya wa saa (mapigo yanayosogeza hatua), unapeleka safu moja kwenye osileta (moduli inayotoa sauti), sauti inaanza kutembea. Ni kununua maandazi yaliyokwisha kukaangwa.

Pure Data, programu ya kuunda sauti kwa kuunganisha visanduku, iliyoanzishwa na Miller Puckette miaka ya 1990, inakupa unga na mafuta. Unaweka kisanduku [metro 125], kinachopiga kila milisekunde 125, yaani mapigo manne ndani ya kila biti kwa kasi ya biti 120 kwa dakika. Unatengeneza kihesabu kwa [float] na [+ 1], [mod 16] inairudisha hesabu sifuri kila ikifika 16, kisha [tabread] inasoma noti kwenye jedwali. Wengi hukwama kwenye matundu ya kuingizia ujumbe: katika visanduku vingi, la kushoto ndilo linalofyatua, la kulia hutunza thamani tu. Ila ukishazoea, badilisha 16 iwe 12 na tayari una mzunguko wa ngoma ya 12/8. Kwa SEQ 3 huvuki hatua 8 bila kuongeza moduli nyingine.

VCV nayo ina mtego. Kila waya huchelewesha ishara kwa sampuli moja (kipande kidogo kabisa cha sauti ya kidijitali). Ishara ya kuanza upya ikiitangulia ya saa kidogo tu, moduli isiyojikinga huruka hadi hatua ya pili badala ya kuanzia ya kwanza.

Mwanafunzi wangu ningempa Pure Data kwanza, hata akininunia.